Mume Wangu Alimfungia Mama Maji

Kama ndiyo kwanza unanikuta leo, sogea nikueleze upesi, maana msiba wangu haujui kusubiri wachelewaji.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi uani kwangu. Mume wangu ni fundi bomba. Alikuwa Idara ya Maji tangu hatujaoana, na bomba likipasuka mtaani watu walikuwa wanakuja kumgongea mlango kwa adabu, kama wanamwita daktari. Kisha serikali ikayauza maji ya mji kwa kampuni. Wakasema ndiyo ubinafsishaji, huduma itakuwa bora. Mafundi wengi wakapewa mkono wa kwaheri. Wangu akabakizwa, ila si kwa kutengeneza. Walimbakiza kwa kuwakatia watu maji.

Mtaa ukambandika jina: Kufuli. Mimi nikawa Mke wa Kufuli. Wateja wakaanza kuja kuchukua nguo zao mmoja mmoja, wengine wakaondoka nazo zikiwa mbichi.

Hayo mnayajua. Tulipoachana toleo lililopita nilikuwa nimesimama uani kwa mama yangu mzazi, nakodolea macho bomba lake. Koki ilikuwa imezungushiwa mnyororo, na kwenye mnyororo kufuli la kampuni lenye lakiri nyekundu, ule muhuri wao usioguswa.

"Mama, nani kafanya hivi?"

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Kijana mmoja wa kampuni. Simjui."

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema laini yangu ni ya zamani, wao hawaitambui. Zote za zamani zinafungwa mpaka mtu ajiandikishe upya afungiwe mita ya kadi." Akacheka kidogo. "Mtaro wa bomba hili alichimba marehemu baba yako kwa mikono yake, mimi nikimletea uji. Leo ati halijulikani limetoka wapi."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mama yangu alikuwa mtu wa kusema kweli hata ikimchoma mwenyewe.

Nikatoka nikimlaani huyo kijana na kizazi chake.

Kaka yangu mkubwa ni seremala. Karakana yake iko mbele ya nyumba ya mama, mlangoni kabisa, hata paka hapiti bila yeye kumwona. Alikuwa anapiga randa. Aliponisikia akaacha.

"Unamlaani nani?"

"Huyo kijana aliyemfungia mama maji."

Akapangusa vumbi la mbao usoni, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama kakwambia ni kijana?"

"Ndiyo."

"Dada yangu," akasema, "kijana huyo unalala naye."

* * *

Sikumbuki njia niliyopita kurudi kwangu. Nakumbuka tu kwamba nilimkuta mume wangu ameketi juu ya beseni langu lililopinduliwa, ana viatu vya kazi miguuni, anatazama kamba za kuanikia zisizo na nguo.

"Wewe ndiye uliyemfungia mama yangu maji?"

Hakuniuliza nimeambiwa na nani. Hakujitetea.

"Ni mimi."

"Mama yangu! Aliyekupokea kwake huna hata shati la kubadili!"

"Mama watoto, nisikilize."

"Nisikilize nini?"

"Kazi ile alipangiwa mwenzangu, yule anayeng'oa bomba lote ili watu wasiunganishe tena. Nikaomba nipewe mimi. Nimefunga tu. Sikung'oa."

"Kwa hiyo nikushukuru."

"Sijasema hivyo." Sauti yake ikaanza kukatika. "Nilifika pale, mikono ikakataa. Nikamwambia mama, naondoka, liwalo na liwe, wanifukuze. Unajua alinijibu nini?"

Sikutaka kujua. Akaniambia hivyo hivyo.

"Alisema, 'Funga, baba. Ukikosa kazi wajukuu zangu watakula nini? Mimi mtu mzima, maji ya kunywa sitakosa. Ila mke wako asijue ni wewe, atakuchukia.' Kisha akanishikia mnyororo nikafunga."

Msomaji wangu, hebu rudia hapo. Mama yangu alimshikia mnyororo.

Ingekuwa heri angeniambia mama alimtukana, alimtupia jiwe, alimwita mshenzi. Hayo ningeyabeba. Lakini lile la kushika mnyororo lilinipasua. Nikamwambia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka, watoto nikawapeleka kwa wifi yangu karibu na shule, mimi nikahamia kwa mama.

Nilipokuwa natoka mlangoni, mume wangu aliniuliza neno moja tu.

"Utarudi?"

"Maji ya mama yakirudi."

* * *

Mama hakufurahi kuniona na furushi.

"Nani kakutuma uache nyumba yako?"

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikuficha. Kuficha si kudanganya." Akalichukua furushi, akaliweka kitandani kwake. "Mumeo ana makosa, lakini si mtu mbaya. Kamtafute mtu mbaya, umlinganishe naye, ndipo uje unililie."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukienda kwake na hasira unatoka na aibu.

Nikawa nachota maji kwenye kioski cha kampuni, kule barabarani. Unaweka kadi, mtambo unalia, maji yanatoka. Nabeba ndoo kichwani na dumu mkononi. Asubuhi najaza pipa la jikoni, nikirudi mchana limekauka.

"Mama, maji yote umekunywa?"

"Nilikuwa na kiu."

Nikachungulia kwa jirani. Jirani yetu alikuwa mzazi, mtoto hata kitovu hakijakauka. Kamba yake ilikuwa imejaa nepi nyeupe pe pe pe, zinapepea.

"Kiu hiyo imeanikwa kwa jirani, mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka. Nawaambia kweli, siku zile pamoja na machungu yake zilikuwa nzuri. Jioni namsuka, ananisimulia jinsi baba alivyomposa na kumwangusha mshenga mtaroni. Nilikuwa sijakaa na mama yangu hivyo tangu niolewe.

Mume wangu alikuwa anapita nje kila jioni. Haingii. Anasimama upande wa pili wa njia, anamsalimia kaka. Kaka anaendelea kupiga randa.

Kisha mtambo wa kioski ukafa.

Muuza kadi akatundika kibao dirishani: HAKUNA MTANDAO. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akakisoma, akakisoma tena, akageuka.

"Tangu lini maji yakataka mtandao? Yanampigia nani simu?"

Watu wakacheka. Lakini kesho yake kibao kilikuwa pale pale, na kesho kutwa pia, na hakuna aliyecheka tena. Wenye nguvu wakawa wanakwenda mtaa wa mbali, kwenye kioski kingine. Nikawa mmoja wao. Unaondoka jua halijachomoza, unarudi limeshakuwa kali.

Siku moja niliporudi nilikuta jikoni sufuria la maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mama amelifunika kwa kitambaa.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwenye mashimo ya kokoto. Nimeyachuja."

"Umeyanywa?"

"Kidogo tu. Yako nilimpa yule mzazi, mtoto anaharisha."

"Umeyachemsha?"

Akatazama jiko lisilo na moto. Mkaa ulikuwa umekwisha tangu jana yake, na mimi nilikuwa nimesahau kununua.

Niliyamwaga yale maji nyuma ya nyumba. Nikamkaripia mama kama mtoto. Yeye akawa ananitazama kwa upole, mkono mmoja ameushikilia tumboni.

* * *

Mama alianza kuharisha mchana. Ilipofika jioni alikuwa hawezi kusimama. Kaka alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mwanamke yule mwenye mwili wake, akawa mwepesi kama furushi la majani. Macho yalikuwa yamezama ndani. Ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama.

Hospitalini walitupokea vizuri. Muuguzi alimtundikia dripu mama, akamfunika, akampa pole. Halafu akaniuliza:

"Dada, maji mmekuja nayo?"

"Maji gani?"

"Ya kumsafisha mgonjwa, ya kufulia mashuka yake, na nyie ya kunawa. Humu yanatoka kwa saa chache tu."

"Si hospitali hii?"

"Hospitali ndiyo." Naye alikuwa amechoka, hakusema kwa ubaya. "Maji ni ya kampuni."

Kaka akatoka kwenda kutafuta. Nikabaki namshika mama mkono. Alikuwa ananiomba radhi kwa kuchafua shuka. Mama yangu, aliyenifulia nepi, ananiomba radhi mimi!

Asubuhi nikasikia sauti nje ya wodi. Niliijua sauti ile kabla sijaona mtu. Nikatoka.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye baraza na madumu mawili yamejaa, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Kaka amemzibia njia.

"Shemeji, niruhusu niyafikishe tu. Sitakaa."

"Umeyatoa wapi?"

"Nimeyanunua."

"Kwa mshahara upi? Ule uliopata kwa kumfungia?"

"Shemeji, tugombane baadaye. Mama ana haja na maji."

"Mama alikuwa na maji!" Kaka alipaza sauti mpaka wagonjwa wakainua vichwa. "Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Kwako wewe maji ya tajiri ndiyo yamekuwa mazito!"

Akanyakua dumu moja, akafungua kifuniko, akalimwaga pale pale chini. Akachukua la pili, akalimwaga nalo. Maji yakatambaa barazani, yakapita chini ya viatu vya mume wangu, yakaishia kwenye ua.

Mume wangu hakumzuia. Akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Hata jina lake tu ningelitaja lingetosha. Nikageuka, nikarudi ndani.

Mama alikuwa macho.

"Nani kamwaga maji?"

"Hakuna, mama."

"Nimesikia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ni mkwe wangu yuko nje?"

"Ndiyo."

"Mwite."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanikamata bega. "Mama, pumzika kwanza. Atakuja baadaye."

"Mwiteni," mama akasema tena, "nina neno naye."

Nami nikamjibu, "Baadaye, mama. Ukipata nguvu."

Mchana, jua likiwa utosini, muuguzi akamshika mkono, akamweka kidole shingoni, akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa.

Mume wangu alikuwa bado nje langoni. Alipotusikia tunalia alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono. Lile neno ambalo mama alikuwa nalo kwa ajili yake, amekwenda nalo. Hajui mpaka leo kwamba aliitwa.

Sasa amejua, kama anasoma gazeti.

* * *

Tukamrudisha mama nyumbani kwake. Kaka aliingia karakana, akaanza kupiga msumari jeneza. Hakutaka mtu amsaidie. Kila pigo la nyundo lilikuwa linanigonga kifuani.

Wanawake wa mtaa walikuja wengi, hata wale walioondoa nguo zao kwangu. Msiba hauna ugomvi. Wakamlaza mama chumbani, wakafunga mlango wamwoshe. Mara mlango ukafunguka, akatoka shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa.

"Maji yako wapi?"

Tukatazamana.

Kila mmoja alikuwa amekuja na alichonacho. Kulikuwa na kijidumu, birika, na ndoo isiyofika nusu. Yule jirani mzazi alileta sufuria moja amelishika kwa mikono miwili, analia. Shangazi akayatazama yote, akatikisa kichwa.

"Haya hayamtoshi maiti. Tutamzika mtu mzima na uchafu wa hospitali?"

Hapo ndipo mume wangu alipoingia.

Alikuwa amevaa ovaroli ya kampuni, jina lao limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa. Watu wakajitenga, njia ikafunguka yenyewe. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akapiga magoti, akatoa koleo.

Nyundo ya karakana ikanyamaza. Kaka akatoka, nyundo mkononi. Akaja akasimama kando ya mume wangu aliyepiga magoti.

"Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Unajua kukata lakiri ni jela?"

"Najua. Niliapishwa."

Wakatazamana. Kisha kaka akaweka nyundo chini, akaushika ule mnyororo, akauvuta ukae sawa ili koleo lipate pa kuuma.

Lakiri ikakatika. Kufuli likafunguka. Bomba likakohoa, likatema kutu, halafu maji yakaja.

Sijui niwaelezeje. Watu walipiga kelele, tena msibani. Ndoo zikapita mkono kwa mkono mpaka chumbani. Wengine wakakimbia makwao kuleta za kwao, na nani angewalaumu? Mume wangu akaja akasimama karibu nami, hatukugusana. Nilitaka kumwambia, mama alikuita. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi.

Gari la kampuni likapiga breki nje.

Sijui nani aliwapigia simu. Kufa kufaana, na siku hizi kampuni inatoa zawadi kwa anayetoa habari. Akashuka msimamizi na askari mmoja. Msimamizi ni mtu wa makamo, mwenye adabu. Alivua kofia alipoona msiba.

"Poleni sana. Sikuja kwa ubaya. Lakini laini hii ilifungwa, na lakiri imekatwa. Nataka mtu mmoja tu. Nani kafungua?"

Ua mzima ulikuwa umeona. Ndoo za watu zilikuwa zimejaa. Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake.

Msimamizi akamwona mume wangu.

"Kumbe uko hapa, fundi. Umemwona aliyefungua?"

Nikangoja. Nilikuwa na hakika naye. Mtu aliyepiga magoti vile mbele ya watu, angeshindwa nini kusema neno moja?

Akamtazama askari.

"Nimekuta limeshafunguliwa," akasema.

Msimamizi akageuza macho, yakaangukia nyundo pale karibu na bomba, kisha vumbi la mbao kwenye mikono ya kaka.

"Nyundo hii ya nani?"

"Yangu," kaka akasema.

"Ni wewe?"

Kaka alimtazama mume wangu. Akanitazama mimi. Sikuona hasira. Niliona uso wa baba yetu.

"Ni mimi," akasema, akanyoosha mikono afungwe.

"Uongo!" Sauti ilinitoka bila kuiita. "Si yeye! Ni mume wangu! Kafungua mume wangu, tumemwona sote!"

Msimamizi akashangaa. "Fundi, mkeo anasema ni wewe."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mke wangu kafiwa na mama yake, mzee. Hajui anachosema."

Msimamizi akamgeukia kaka. "Na wewe unasemaje?"

"Dada yangu ana uchungu," kaka akajibu kwa upole. "Msimsikilize."

Wanaume wawili, mmoja kwa woga na mmoja kwa kunipenda, wakanifanya mwongo mbele ya maiti ya mama.

Askari akamshika kaka mkono. Jeneza alilokuwa akilipiga lilikuwa bado halina kifuniko. Nani angelimaliza? Nani angemteremsha mama kaburini?

"Nipe tu nafasi nimzike," kaka akaomba. "Nikishamzika nakuja mwenyewe kwa miguu yangu."

"Laiti ningeweza," msimamizi akasema, na naamini alimaanisha. Kisha akamgeukia mume wangu. "Fundi, kwa kuwa uko hapa na vifaa unavyo, funga laini tuondoke."

Toka chumbani ikaja sauti ya shangazi, haijui lolote la huku nje.

"Leteni maji! Ndiyo kwanza tumeanza!"

Mume wangu akachukua mnyororo chini. Nami nikaenda nikapiga magoti, nikalikumbatia bomba lile kwa mikono yote miwili, maji yakinilowesha kifua.

"Njoo," nikamwambia. "Anza na mimi."

Akasimama mbele yangu na mnyororo mkononi. Kisha akainama, mdomo wake ukanigusa sikio, akaninong'oneza kitu ambacho mama alimwambia siku ile alipomshikia mnyororo, kitu ambacho alikuwa hajaniambia.

Mikono yangu ikaliachia bomba. Alichoninong'oneza nitawaambia toleo lijalo.